Hendibreki ya Corolla kuukuu haishiki mlimani: anzia kwenye magurudumu, mkono uje mwisho

*Swali: Assalamu alaykum fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli, naishi Mkoani, Pemba. Nina Toyota Corolla ya 1998, ya gia za mkono, niliyoinunua Unguja mwaka jana kwa mtu aliyekuwa akikaa karibu na pwani. Nyumba yetu iko kilimani na gari inalala kwenye mteremko. Hendibreki ilikuwa ikipanda juu sana na gari bado inateleza, basi fundi wa hapa akaikaza nati iliyopo kwenye mkono. Ikashika wiki mbili, ikarejea vile vile. Akaikaza tena. Sasa bado haishiki vizuri, na juu ya hayo gurudumu la nyuma la kushoto linapata moto na kutoa harufu nikitoka hapa mpaka mjini Chake Chake. Siku moja kijana wa jirani alilimwagia maji, likafuka mvuke. Taa nyekundu ya breki nayo siku hizi huwaka na kuzima nikikata kona. Fundi anasema tubadilishe mfumo wote. Mume wangu anasema gia na jiwe vinatosha, hendibreki ni pambo tu. Nimsikilize nani?*

Waalaykumu ssalaam, mwalimu. Umeniuliza kuhusu hendibreki, lakini jambo lililonishitua umeliweka karibu na mwisho kama jambo dogo: taa nyekundu inayowaka na kuzima kwenye kona. Tuanze na hilo, na tuanze leo, kabla hujaitoa gari tena.

Taa ile ina kazi mbili. Huwaka mkono wa hendibreki ukiwa umenyanyuliwa, na huwaka pia mafuta ya breki yakipungua kwenye chupa yake. Ikiwa mkono umelala chini kabisa na taa inawaka pale tu unapokata kona, basi mafuta yamekaribia mstari wa chini. Gari ikiinama yanakimbilia upande mmoja, kiboya kilichomo ndani ya chupa kinashuka, taa inawaka. Ukinyoosha njia yanatulia na taa inazima. Fungua boneti utazame: ni chupa ndogo ya plastiki inayopenya mwanga, iko nyuma upande wa dereva, na ina alama mbili, ya juu na ya chini.

Mafuta ya breki hayaungui kama oili ya injini. Yakipungua, sababu ni moja kati ya mbili. Ama pedi za mbele, vile vipande vinavyobana diski, zimelika, pistoni zinazozisukuma zimesogea nje na mafuta yamekwenda kujaza nafasi zilizoachwa, na hilo si la kutisha ila linataka pedi mpya. Ama pana mahali yanavuja. Ongeza mafuta ya DOT 3 kutoka chupa mpya ambayo haijafunguliwa, kwa sababu mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya Pemba unaijua. Asikushawishi mtu kutia oili ya injini kidogo wala maji ya sabuni. Oili huvimbisha mipira yote ya mfumo wa breki, na hapo kweli utabadilisha kila kitu.

Kisha bonyeza breki ya mguu injini ikiwa inawaka. Kama padeli ni laini, au inazama taratibu ukiikandamiza bila kuachia, gari isiondoke hapo ilipo. Mwite fundi aje nyumbani. Usijaribu kuiteremsha mpaka gereji kwa gia ndogo na dua.

Haya, tuje kwenye hendibreki yenyewe, na kwanza tuondoe dhana moja: haitumii mafuta. Wapo mafundi wakiambiwa hendibreki haishiki wanaanza kutoa upepo kwenye mabomba. Hiyo ni dawa ya breki ya mguu. Hendibreki ya Corolla yako ni waya mtupu, wa jinsi ile ile ya breki ya baiskeli: waya wa chuma unaopita ndani ya ala, unauvuta upande huu na upande wa pili kitu kinabana. Chini ya mkono, katikati ya viti, waya unafika kwenye kipande cha chuma kinachogawa nguvu, na kutoka hapo nyaya mbili zinakwenda nyuma, kila gurudumu na wake.

Ndani ya dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu la nyuma, mna shuu mbili, vipande vya upinde vinavyobana, ya mbele na ya nyuma. Waya umeshikizwa kwenye mkono mdogo wa chuma uliopachikwa katika shuu ya nyuma. Ukivutwa, mkono huo unasukuma kijiti cha chuma kilichokaa baina ya shuu mbili, kijiti kinaisukuma shuu ya mbele, na ya nyuma nayo inasukumika kwa upande wake, zote zikakaba ukuta wa dramu. Shuu hizo ndizo zile zile zinazotumiwa na breki ya mguu. Ila ukikanyaga padeli zinasukumwa na mafuta kupitia wili silinda, yaani silinda ndogo iliyomo ndani ya dramu, na ukinyanyua mkono zinasukumwa na waya.

Kile kijiti ndicho kiini cha habari yako. Ni skurubu yenye gurudumu dogo la meno, ndiyo ajasta. Shuu zikilika, ajasta inajirefusha jino moja moja ili shuu zisikae mbali na dramu. Ikikaa miaka katika vumbi la breki na chumvi ya pwani, hesi zake, yaani mizinguko ya skurubu, zinaganda kutu. Tangu hapo shuu zinalika na hakuna kinachozifuata. Nafasi inapanuka, mkono wa hendibreki unapanda juu zaidi kabla shuu hazijagusa, na mwisho unafika ukomo wake gari ikiwa haijashikwa. Wewe unayaona hayo kwenye mkono, na kwa hivyo kila mtu anaukimbilia mkono.

Fundi wako alifanya wafanyavyo wengi. Kukaza nati ya mkononi ni kazi ya dakika 10, haitaki kuvua gurudumu, na mteja anaondoka ameridhika. Lakini kinachofanyika ni kuuvuta waya ufidie nafasi ambayo ajasta ilitakiwa kuifidia. Shuu zinaendelea kulika, nafasi inarudi, na wewe unarudi kwake baada ya wiki mbili. Kuna ubaya mwengine usioonekana: waya ukikazwa kupita kiasi, ule mkono mdogo ndani ya dramu haurejei tena mpaka kituo chake, na ajasta haipati nafasi ya kuruka jino. Kwa hivyo hata upande ambao ajasta yake ilikuwa bado nzima, sasa inazuiwa kufanya kazi.

Hapa ndipo gurudumu lako la kushoto linapoingia, na usishangae nikisema kwamba linalopata moto huenda ndilo lenye afya. Tuseme ajasta ya kulia imeganda na shuu za huko ziko mbali na dramu, na ya kushoto iko sawa. Ukivuta mkono, kushoto kunagusa mapema na kulia bado. Fundi akakaza nati mpaka akahisi mkono umekuwa mgumu. Ugumu ule wote ni wa kushoto. Ukiushusha mkono, waya wa kushoto bado umevutika, shuu zinasugua dramu njia nzima mpaka Chake, na kulia kumelala baridi hakufanyi kitu. Unapata gari isiyoshika ikisimama na inayoshika ikienda. Katika hali kama hiyo mgonjwa ni wa kulia.

Kama ni wa kulia, linakuja swali jengine: kwa nini mafuta yanapungua? Inawezekana wili silinda ya upande huo inavuja na kuzilowesha shuu. Shuu iliyolowa mafuta haishiki hata uivute na trekta. Sisemi ndivyo, maana sijaiona gari. Nasema dalili zako mbili zinaweza kuwa ni ugonjwa mmoja, na ndiyo maana sitaki mtu aiguse tena nati ya mkononi kabla dramu zote mbili hazijafunguliwa.

Upo uwezekano wa pili, kwamba waya wa kushoto wenyewe umeingia kutu ndani ya ala, ukivutwa unakwenda lakini haurudi. Gari iliyolala pwani ya Unguja miaka kadhaa ni mgombea mzuri wa ugonjwa huo. Na uwezekano huu na ule wa kwanza unaweza kuutenganisha mwenyewe.

Tafuta pahala tambarare na pagumu, mchana, na mtu wa kukusaidia. Zuia magurudumu ya mbele kwa kabari mbele na nyuma, na uache gari kwenye gia ya kwanza. Corolla yako inavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hivyo ya nyuma yatazunguka bure hata gia ikiwa imeingia. Shusha hendibreki, nyanyua nyuma kwa jeki kwenye sehemu zake maalumu, kisha uikalishe juu ya stendi za chuma. Matofali ya saruji usiyatumie, hupasuka bila kuaga, na mtu asiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Kama huna stendi, acha kazi hii kwa gereji.

Zungusha magurudumu ya nyuma kwa mkono. La kushoto likiwa zito, mwombe mwenzako ailegeze nati ya mkononi mpaka waya uning'inie. Likawa jepesi papo hapo, ni ule ukazaji wa kupita kiasi. Likabaki zito, basi waya umeganda, au ndani ya dramu springi imekatika au wili silinda imekwama. Kisha kaza nati kidogo ipatikane hendibreki ya majaribio, mwenzako anyanyue mkono jino moja moja (kila mlio wa "tik" ni jino moja), na wewe kila jino uzungushe magurudumu yote mawili. Yanapaswa kuanza kuwa mazito kwenye jino moja au karibu yake. Kama kushoto kunaanza jino la pili na kulia bado kunazunguka jino la saba, umeshapata jibu. Mwisho chungulia nyuma ya kila dramu, pale waya unapoingia, mkono ukinyanyuliwa na kushushwa. Waya mzima unaonekana ukienda na kurudi. Mbovu unakwenda na kubaki huko, au hauendi kabisa.

Mpaka hapo hujatumia hata shilingi, na ukienda kwa fundi unakwenda na maelezo badala ya malalamiko.

Kufungua dramu mwachie fundi, ila uwepo uone. Dramu za Toyota za rika hilo zina matundu mawili madogo yenye hesi. Dramu ikigoma kutoka, zinaingizwa bolti mbili za milimita 8, zinakazwa kidogo huku na kidogo kule, nayo inajitokea yenyewe. Fundi akianza kupiga ukingo wa dramu kwa nyundo kubwa, mzuie kwa adabu, maana ni chuma cha kusubu na kinavunjika. Vumbi la ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo ikiingia mapafuni haina dawa. Lilowesheni maji, mlifute kwa kitambaa, kitambaa kitupwe.

Tazameni unene wa bitana ya shuu, lile tabaka lake linalosugua dramu. Mpya huwa kama milimita 4, na ikibaki milimita 1 ni ya kutupwa. Ukiuliza mimi, ikiwa imefika 2 na dramu imeshafunguliwa, ibadilisheni tu, kuliko kurudia kazi yote baada ya miezi michache. Shuu hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, hata kama moja inaonekana nzuri, ama sivyo gari itavuta upande ukikanyaga breki. Dramu nayo ina kipimo chake cha mwisho kimechapwa kwenye chuma chenyewe. Nyingi za Corolla hizo huanza na kipenyo cha milimita 200 na mwisho wake ni 201. Ikishapita hapo, haichongwi tena.

Nyanyueni kidogo mpira wa wili silinda kila upande. Ukiwa mkavu au na unyevu mdogo tu, sawa. Maji maji yakitiririka, silinda inavuja, ibadilishwe au itiwe mipira mipya, na shuu zilizolowa zitupwe. Najua kuna mtindo wa kuziosha shuu kwa petroli na kuzichoma moto zikauke. Zinakauka juu, na breki ikishika joto mafuta yanatoka tena ndani. Gari yako haina difu nyuma, yaani lile sanduku la gia za magurudumu lenye oili yake, kwa hivyo kimiminika utakachokikuta ndani ya dramu ni mafuta ya breki, au ni grisi ya beringi iliyoyeyuka. Ya breki ni mepesi na huoshwa na maji, grisi haisikii maji.

Ajasta itolewe, isuguliwe, hesi zake zipakwe grisi ya kuhimili joto kidogo sana, izunguke kwa vidole. Hapa pana mtego unaowanasa hata mafundi wenye miaka mingi: ajasta ya kushoto na ya kulia si sawa, hesi zao zinakwenda kinyume. Zikibadilishana pande, badala ya kujirefusha zinajifupisha, na kila ukitumia breki hali inakuwa mbaya zaidi. Kwa hivyo fungueni upande mmoja kwanza, mumalize, ndipo muende wa pili. Upande ambao haujafunguliwa ndio picha yenu ya kunakilia. Na simu zina kamera, fundi apige picha kabla ya kung'oa springi ya kwanza.

Kila kitu kikisharudi, ajasta inafunguliwa mpaka dramu ikwame, halafu inarudishwa nyuma hadi dramu izunguke bila kusugua. Vitabu kadhaa vya Toyota husema meno 8. Breki ya mguu inakanyagwa mara kadhaa ili shuu zikae mahala pake. Baada ya hayo yote, sasa, ndipo nati ya mkononi inaguswa. Kwa Corolla za wakati huo, ukiuvuta mkono kwa nguvu ya kawaida unapaswa kushika kati ya meno 4 na 7, thibitisheni na kitabu cha gari kama kipo. Ukishika kwenye jino la 2, umekazwa mno. Ukishushwa, magurudumu yote mawili yazunguke bure. Asiyehakikisha hilo la mwisho hajamaliza kazi.

Kuna jengine dogo la kuangalia kwenye mkono wenyewe. Unyanyue, kisha uusukume chini bila kubonyeza kitufe. Ukiruka jino, meno yamelika au kidole kinachoyashika kimechoka. Hapo tafuteni mkono mzima, hata uliotumika, mradi meno yake ni makali. Kuchomelea meno nimeona watu wakifanya, na sitaki hata kulijadili.

Sasa mabishano yenu. Fundi anayesema mbadilishe mfumo wote anaweza akawa sahihi, lakini hajui bado, kwa sababu hajafungua kitu. Mwambie unakubali kulipa ujira wa kufungua dramu mbili, na baada ya hapo muamue pamoja. Mara nyingi kinachohitajika ni shuu, usafi wa ajasta na labda wili silinda, na shuu ni katika vitu rahisi kupatikana kwa gari hii. Nyaya ni ghali zaidi. Zikithibitika zimeganda, nunua mpya. Kumwagia oili kwenye ala huzifanya zitembee kwa muda, kisha maji yanayopenya kwenye ufa wa ala yanarudisha kutu. Waya uliotumika kutoka gari nyengine siununui hata wa bei ya kutupa, maana ubovu wake uko ndani usikoweza kuuona. Ukienda madukani Chake, au ukiagiza Unguja uletewe na meli, chukua namba ya chesisi, na ikiwezekana waya wa zamani ulinganishwe kwa urefu, maana Corolla za mwaka mmoja hazifanani zote.

Mumeo mpe salamu zangu. Gia na jiwe ni tahadhari njema na ningependa mwendelee nazo hata hendibreki ikipona. Lakini gia inaishika gari kwa mgandamizo wa injini, na injini ya 1998 inapitisha pumzi: gari nzito mlimani inaweza kusogea kidogo kidogo usiku kucha. Mtoto akiingia kuchezea, akaugusa mkono wa gia ukatoka, limebaki jiwe peke yake. Tena hendibreki ndiyo breki pekee katika gari yako isiyotegemea mafuta. Siku bomba likipasuka ukiwa unateremka, ni yeye atakayekusimamisha: unaivuta taratibu huku umebonyeza kitufe, ukiongeza na kupunguza, usiikwapue magurudumu yakafunga. Na gari yako, kwa ile taa, inakwambia kwamba mafuta yake yana mashaka. Huu si wakati wa kuiita hendibreki pambo.

Mpaka itengenezwe, gari isilale kwenye mteremko. Iache chini penye tambarare hata kama ni mwendo wa kutembea kufika nyumbani. Ikishindikana kabisa, ielekeze juu na gia ya kwanza, au ikielekea chini tia rivesi, kabari ya mbao nzito kwenye magurudumu mawili, na usukani ukatwe ili ikichomoka igonge ukingo wa udongo, isishike barabara. Msimu wa karafuu ukiwadia, majamvi yametandikwa pembezoni mwa njia na watoto wako juu yake wakianua. Fikiria gari itakwenda wapi kabla hujaifunga mlango. Ukiivusha kwa meli, waambie mabaharia mapema kwamba hendibreki ni mbovu, kabla hawajakupangia nafasi, nao watakuwekea kabari.

Pia, kama jaribio lilionyesha kuwa kushoto kumekazwa mno, acha nati ikiwa imelegea mpaka siku ya matengenezo. Gari isiyo na hendibreki lakini magurudumu yake yako huru ni afadhali kuliko inayosugua breki njiani. Dramu ikipata moto wa namna ulioueleza, grisi ya beringi inayeyuka, mafuta ya breki ndani ya silinda yanaweza kuchemka, na padeli ikazama ghafla ukiwa mteremkoni. Ikitokea tena, simama pahala salama, usivute hendibreki, weka gia na kabari, iache ipoe yenyewe. Maji usimwagie. Chuma cha kusubu kikipoa ghafla hupinda au kupata ufa, na ufa mwengine huuoni mpaka siku inapasuka. Mwambie fundi kwamba dramu ile iliwahi kumwagiwa maji, aitazame vizuri ndani na nje.

Ikishapona, itumie kila siku. Wako wanaoiacha kwa khofu ya kuichakaza, khasa Unguja mjini ambako vilima ni vichache, na waya usiotembea ndio unaoganda. Ila ukiondoka kwa likizo ya skuli wiki kadhaa wakati wa masika, iache gari tambarare kwa gia na kabari, mkono ukiwa chini. Shuu zilizobanwa kwenye dramu yenye unyevu hugandana nayo kwa kutu, ukirudi gari haitoki.

Siku ya kwanza baada ya matengenezo, jaribu kwenye kilima kidogo, gari ikielekea juu kisha ikielekea chini, mguu ukiwa tayari juu ya breki. Halafu nenda mpaka Mtambile, simama bila kukanyaga breki sana, na usogeze kiganja karibu na kila gurudumu la nyuma bila kuligusa. Joto lililolingana pande zote ni la kawaida. Kwenye chupa ya mafuta ya breki, chora mstari kwa kalamu ya wino palipofikia mafuta siku hiyo, na uitazame tena baada ya wiki mbili, asubuhi, gari ikiwa tambarare. Yakiwa yameshuka chini ya mstari wako, irudishe kwa fundi siku hiyo hiyo afuatilie mabomba na wili silinda zote, akianzia ya kulia nyuma.